Tembo Lililotiwa Maji: Mapokezi ya Deep Throat Part II

Deep Throat Part II, filamu iliyotoka mwaka 1974, hukumbukwa kwa jambo moja: haikuonyesha kile ambacho jina lake liliahidi. Filamu ya kwanza, iliyoongozwa na Gerard Damiano mwaka 1972, ilikuwa ya ngono isiyofunikwa, nayo iliwavuta katika kumbi za New York hata watu ambao awali wangeona haya kusimama mlangoni. Muendelezo wake, ulioongozwa na Joseph W. Sarno, ulipewa daraja la R, ambalo nchini Marekani humruhusu hata kijana wa chini ya miaka 17 kuingia akiwa na mzazi au mlezi. Linda Lovelace alirejea akiwa muuguzi anayezongwa na majasusi, na mzaha ukashika nafasi ya tendo.

Tahadhari hiyo ilikuwa na mazingira yake. Tarehe 21 Juni 1973, katika kesi ya Miller dhidi ya California, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba uchafu wa kazi ya sanaa upimwe pia kwa viwango vya jamii ya mahali. Filamu iliyovumiliwa katika jiji moja iliweza kumfikisha mtu kizimbani katika jiji jingine. Harry Reems, aliyeigiza katika filamu zote mbili, alitiwa hatiani huko Memphis mwaka 1976 kwa ajili ya ile ya kwanza, ingawa hukumu hiyo ilitenguliwa baadaye.

Watazamaji waliuona muendelezo kuwa udanganyifu, na filamu ikaanguka sokoni. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa maji yalitiwa kwa hofu ya sheria zaidi ya kiburi cha sifa, lakini mnywaji alilalamika vilevile: kinywaji kimepungua ukali. Aliyepanda mnazi hakuulizwa alipandishwa na nani.

Jibu lilikuja mwaka 1980, katika kitabu Ordeal. Lovelace, ambaye jina lake halisi lilikuwa Linda Boreman, alieleza kwamba mumewe wa wakati ule, Chuck Traynor, alimtia katika kazi hiyo kwa kipigo na vitisho vya bunduki, na kwamba michubuko yake inaonekana ndani ya filamu ya kwanza. Traynor alikana kumlazimisha. Mwaka 1986 Boreman alirudia ushuhuda wake mbele ya tume ya serikali iliyochunguza ponografia.

Ushuhuda huo unageuza maana ya mapokezi ya 1974. Mjadala wote wa umma, wa mahakimu na wa wapenda burudani, ulihusu kiasi cha mwili kinachoruhusiwa kuonekana. Mmoja alidai kimezidi, mwingine alidai kimepungua, na wote wawili walitumia mizani ileile. Ridhaa ya mwenye mwili haikuwa na uzito ndani yake. Ikiwa michubuko ilikuwa pale pale kwenye pazia la sinema, basi umati ulioilipia filamu ya kwanza uliitazama bila kuiona, kisha ukarudi miaka miwili baadaye kudai kwamba umepunjwa.

Muendelezo huu ni kazi dhaifu, na hakuna haja ya kuutetea. Thamani yake imo katika malalamiko ya watazamaji wake, maana yanaonyesha wazi walichokuwa wakikitafuta, na nani hawakumtafuta kamwe.