Simba Jike wa Apadana na Kilio cha Nehemia 5

Tusomapo Ezra, Nehemia na Esta, twazoea kuwaona wafalme wa Uajemi kuwa watawala wapole, kwa kuwa waliruhusu Hekalu lijengwe upya. Wafalme hao nao walijichonga hivyo katika mawe ya Persepolis, nchini Iran. Ukumbi wa Apadana ulianzwa na Dario wa Kwanza, ukaendelezwa na mwanawe Ahasuero. Kwenye ngazi zake za kaskazini na mashariki zimechongwa jumbe 23 za mataifa, wakileta farasi, ngamia, nguo na vyombo vya thamani. Wakushi kutoka Afrika wanaleta pembe ya ndovu.

Kazi hii yastahili sifa. Katika michongo ya Senakeribu juu ya kutekwa kwa Lakishi mwaka 701 KK, mateka wametundikwa juu ya miti. Hapa hakuna aliyefungwa wala aliyepigishwa magoti. Mwajemi au Mmedi amemshika mkono kiongozi wa kila ujumbe, na kila taifa limeachiwa vazi lake.

Hata hivyo, yatupasa kuuliza ni nani aliyeachwa nje. Katika safu zote hizo hamna mwanamke hata mmoja. Yupo simba jike tu, ageukaye nyuma kuwatazama watoto wake waliobebwa na wanaume. Mchongaji aliujua uchungu wa mama, lakini aliuweka kwa mnyama. Nao wanawake walikuwako: mabamba ya udongo yaliyoanza kufukuliwa hapo mwaka 1933 yanaandika posho za wanawake wafanyakazi, na kwamba aliyezaa mtoto wa kiume alipewa mara mbili ya aliyezaa wa kike.

Nehemia 5 inaeleza yale ambayo jiwe limeyanyamazia. Siku za Artashasta, mwana wa Ahasuero, wanaume na wake zao wanalia: wamekopa fedha ili kulipa kodi ya mfalme, na baadhi ya binti zao wamekwisha kutiwa utumwani. Ni kweli kwamba Nehemia anawakemea wakuu wa Wayahudi kwa riba yao. Lakini kodi ile ilikuwa sehemu ya mzigo.

Kwa hiyo, tuhubiripo Isaya 60, ambapo mataifa yanaleta mali zao Sayuni, tusiazime picha ya Apadana. Kabla ya kuusifu uzuri wa maandamano, tuulize sadaka ile imetoka katika nyumba ya nani, na nani amebaki huko akilia.