Jasi Haikai Bugarama: Jinsi Udongo wa Jangwani Unavyopimwa na Kupewa Jina

Kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanzishwa mwaka 1984 katika bonde la Bugarama wilayani Rusizi, nchini Rwanda, kina chokaa mlangoni pake. Pale Mashyuza maji moto yaliyobeba kalsiamu yametoka ardhini kwa karne nyingi na kuacha travatini, jiwe la kalsiamu kaboneti. Lakini saruji haitengenezwi kwa chokaa peke yake. Huongezwa jasi, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5, ili isikaze pale pale inapokutana na maji. Jasi hiyo haichimbwi Rusizi. Inabidi iletwe.

Jambo hili linastahili kuulizwa vizuri. Jasi nayo ni chumvi ya kalsiamu: kalsiamu salfeti iliyofungamana na maji. Inakuwaje ardhi iliyojaa kalsiamu ikose jasi, wakati majangwa ya Oman, Abu Dhabi na Iraki yana udongo ambao nusu ya uzito wake, na wakati mwingine zaidi, ni jasi tupu?

Tuanze na tabia ya madini yenyewe. Jasi ni laini, kucha inaikwaruza. Ni nyepesi kuliko mchanga wa kawaida: uzito wake ni gramu 2.3 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, na wa mchanga wa kwazi ni 2.65. Asilimia 20.9 ya uzito wake ni maji yaliyojengwa ndani ya fuwele. Na inayeyuka majini: lita moja ya maji safi hubeba gramu 2.4 hivi. Chumvi ya mezani inayeyuka mara mia na zaidi ya hapo, na chokaa inayeyuka kidogo mno. Jasi imekaa katikati, na nafasi hiyo ya katikati ndiyo inayoifanya iwe shahidi mzuri wa maji. Mahali penye mvua nyingi, chumvi, jasi na hata chokaa huoshwa. Penye mvua ya wastani chokaa inabaki na jasi inaondoka. Jangwani jasi nayo inabaki. Ndiyo maana anayechimba shimo kwenye nchi kavu mara nyingi hukuta chokaa juu, jasi chini yake, na chumvi kali chini zaidi, kila moja imesimama pale maji yaliposhindwa kuisukuma mbele.

Hesabu inasaidia kuliona jambo hili. Chukua tabaka la udongo lenye unene wa sentimita 15 na jasi asilimia 10. Kwa udongo wenye uzito wa kilo 1,400 kwa meta ya ujazo, kila meta ya mraba ya tabaka hilo ina kilo 210 za udongo, na ndani yake kilo 21 za jasi. Kuiyeyusha yote kunahitaji lita 8,750 za maji yanayopenya hadi chini. Bugarama hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Tukisema milimita 200 tu kati ya hizo zinapenya na kupita, hizo ni lita 200 kwa meta ya mraba, na tabaka lote litatoweka katika miaka 44. Kwa umri wa udongo, huo ni muda mfupi sana. Jangwani, mvua ya milimita 100 hurudi hewani kabla haijafika popote, na jasi hukaa maelfu ya miaka.

Mvua, hata hivyo, si sababu pekee, na hapa wengi husimama mapema. Ukifuata mto Rusizi kuteremka kati ya Burundi na Kongo, kuelekea Ziwa Tanganyika, nchi inakuwa kavu zaidi. Mwaka 1952 mtaalamu wa mimea R. Germain alichapisha, kupitia taasisi ya kilimo ya INEAC, utafiti mkubwa wa mimea ya uwanda wa Rusizi na mazingira yake. Chini huko kuna mabaka ya udongo wenye chumvi na sodiamu. Kama ukavu ungetosha peke yake, tungetarajia jasi ianze kujikusanya. Lakini maji ya bonde letu la ufa yana asili nyingine. Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu, na maji ya Kivu yamejaa bikaboneti, magnesiamu na sodiamu. Maji ya namna hiyo yanapokauka, kaboneti huikamata kalsiamu kwanza na kuigeuza chokaa. Inayobaki ni sodiamu, na salfeti haipati kalsiamu ya kushikana nayo. Hardie na Eugster walilieleza tawi hili la njia mwaka 1970 walipochunguza maziwa yasiyo na mlango wa kutokea: maji yenye kaboneti nyingi kuliko kalsiamu huishia kwenye magadi, na yenye kalsiamu nyingi huweza kufika kwenye jasi. Ziwa Magadi la Kenya ni ushahidi unaoonekana kwa macho. Ni mahali pakavu kweli kweli, na kilichojaa pale ni magadi.

Kwa hiyo Bugarama imekosa jasi mara mbili, kwa mvua na kwa kemia ya maji yake. Ilichopata ni udongo mwingine wenye tabia kali, ule mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ambao Tanzania huitwa udongo wa mbuga na wataalamu huuita Vatisoli. Mawe ya basalti ya Cyangugu na Bukavu yanapooza hutoa kalsiamu na magnesiamu, na kwenye bonde lisilotoa maji haraka hivyo huzaa mfinyanzi unaovimba. Kwa mpunga udongo huo ni neema, kwa sababu ukishalowa haupitishi maji kirahisi. Kwa barabara na misingi ya nyumba ni taabu.

Jina hilo lilipatikanaje? Mwaka 1981 Wizara ya Kilimo ya Rwanda, kwa ushirikiano na Ubelgiji, ilianza kazi ya kuchora ramani ya udongo ya nchi nzima kwa kipimo cha 1:50,000. Zilitoka karatasi 43, zikitegemea mashimo ya uchunguzi zaidi ya 1,800, na aina za udongo zilipewa majina ya mfumo wa Marekani wa uainishaji. Nchi chache za Afrika zina ramani ya udongo ya kina namna hiyo kwa eneo lake lote, na naona haijatumiwa inavyostahili. Mchunguzi aliyeingia kwenye shimo la udongo mweusi hakuandika Vatisoli kwa sababu ya weusi. Alitafuta mfinyanzi usiopungua asilimia 30, nyufa zinazofunguka kiangazi, na nyuso zinazong'aa ndani ya udongo, pale mabonge yanaposuguana kila yanapovimba. Rangi haiamui kitu.

Udongo wa jasi nao hupimwa kwa ukali huo huo. Ili tabaka liitwe tabaka la jasi, liwe na unene wa sentimita 15 au zaidi, lisipungue asilimia 5 ya jasi, sehemu ya jasi hiyo iwe imejijenga pale pale na kuonekana kwa macho, na unene ukizidishwa kwa asilimia upate 150 au zaidi. Sentimita 30 zenye asilimia 5 zinafuzu. Sentimita 20 zenye asilimia 6 zinapata 120 na kushindwa, ingawa asilimia yake ni kubwa kuliko ya zile za kwanza. Kipimo hicho kinauliza jumla ya jasi iliyokusanyika, wala hakidanganywi na ukoko mwembamba unaong'aa juu.

Baada ya hapo mifumo miwili mikubwa inaachana. Ule wa Marekani huanza na unyevu: udongo uwe kwanza wa nchi kame, katika oda ya Aridisoli, ndipo jasi iupeleke kwenye kundi dogo la Jipsidi. Mfumo wa kimataifa unaoitwa WRB haumuulizi mtu hali ya hewa. Unaangalia tabaka lenyewe na kuuita udongo Jipsisoli, lakini kwa foleni maalumu, ambamo Vatisoli hutangulia Jipsisoli, na Jipsisoli hutangulia Kalsisoli za chokaa. Maana yake, hata fuwele za jasi zikipatikana ndani ya mfinyanzi unaovimba, udongo utabaki Vatisoli na jasi itaongezwa kama sifa tu. Mimi naupendelea utaratibu huu wa pili kwa kazi ya shambani, kwa kuwa unamtaka mchunguzi aamue kwa kile kilichomo shimoni. Kwa hesabu za WRB, Jipsisoli zinachukua takriban hekta milioni 100 duniani, nyingi zikiwa Mesopotamia, Mashariki ya Kati, Asia ya Kati, na majangwa ya Libya na Namib.

Kazi ngumu kuliko zote hufanyika maabara, na hapo ndipo udongo huu umewaangusha watu wengi hodari. Maabara nyingi hukausha udongo kwenye tanuri la nyuzi 105 za Selsiasi ili kupata kiasi cha unyevu. Kwa udongo wa Bugarama hakuna tatizo. Kwa udongo wenye jasi asilimia 60, joto hilo hufukuza pia maji yaliyo ndani ya fuwele, na yakitoka yote, gramu 100 za sampuli hupoteza gramu 12.5 zaidi. Karatasi ya majibu itaandika kwamba udongo wa jangwani, uliokauka kama vumbi, una unyevu wa asilimia 12. Dawa yake ni kukausha kwa nyuzi 40 hivi na kusubiri. Wenye viwanda vya saruji wanaijua hatari hiyo hiyo kwa njia yao. Kinu cha kusagia kikipata joto kupita kiasi, jasi hupoteza maji, na saruji hukaza kwa uongo mikononi mwa fundi.

Mtego wa pili ni kuyeyusha. Maabara huchanganya gramu 20 za udongo na mililita 100 za maji, kisha hupima kilichoyeyuka. Lakini mililita 100 hazibebi zaidi ya gramu 0.24 za jasi, yaani asilimia 1.2 ya sampuli. Udongo wenye asilimia 5 na wenye asilimia 60 utatoa jibu lile lile. Kwa gramu moja tu ya ule wa asilimia 60 unahitaji robo lita ya maji. Njia iliyoelezwa katika kitabu cha maabara ya chumvi ya Marekani cha mwaka 1954, ya kuyeyusha jasi kwa maji mengi kisha kuitoa kwa asetoni, bado inafaa, ilimradi mpimaji aongeze maji hadi jibu liache kupanda. Upimaji wa mchanga na mfinyanzi nao huharibika, kwa kuwa kalsiamu inayoyeyuka hushikanisha chembe za mfinyanzi, zikazama upesi kama mchanga.

Tukio la Abu Dhabi linaonyesha faida ya umakini huo. Kati ya mwaka 2006 na 2009 Shirika la Mazingira la Abu Dhabi lilisimamia uchunguzi mkubwa wa udongo wa emirati hiyo. Kwenye sabkha, zile tambarare za chumvi kando ya bahari, watafiti akiwemo Shabbir Shahid waliona kwa miale ya eksirei madini ya anhidraiti, yaani kalsiamu salfeti isiyo na maji kabisa. Joto na ukali wa chumvi ya pale huivua jasi maji yake ikiwa bado ardhini. Sampuli iliyopitishwa kwanza kwenye tanuri kali ingekuwa imebadilishwa kabla ya kupimwa, na hakuna ambaye angeweza kusema kilichokuwemo. Vitabu vya uainishaji havikuwa na nafasi ya udongo wa namna hiyo. Toleo la 12 la funguo za mfumo wa Marekani, la mwaka 2014, liliingiza tabaka la anhidraiti.

Majina haya yana kazi. Bwawa la Mosul huko Iraki limejengwa juu ya miamba yenye jasi, na tangu lijazwe maji katika miaka ya 1980 imebidi msingi wake upigwe sindano za saruji mfululizo kuziba mapango yanayochimbwa na maji. Kwetu Afrika Mashariki jasi inachimbwa Makanya, wilayani Same, kwenye ukame wa upande wa magharibi wa milima ya Pare. Mtu akitaka kupitisha mfereji kwenye ardhi ya aina hiyo, apime kwanza.

Kwa mkulima wa Rusizi, jambo la kushika ni kwamba chokaa na jasi zikisagwa zote ni unga mweupe, lakini haziponyi ugonjwa mmoja. Udongo wa milimani, upande wa Nyungwe, una uchachu, na chokaa kama ile ya Mashyuza ndiyo inayoupunguza. Jasi huongeza kalsiamu na salfa bila kuondoa uchachu huo. Uwandani chini, kwenye mabaka ya sodiamu, mambo yanageuka: jasi ndiyo inayoyeyuka ya kutosha ili kalsiamu iing'oe sodiamu, kisha maji yaioshe. Ukiuziwa gunia lisilo na maandishi, chukua kijiko cha unga na udondoshee siki kali au maji ya ndimu. Ukitoa mapovu, humo mna chokaa. Ukinyamaza, usiumwage kwenye shamba lenye uchachu mpaka maabara iutazame, na waombe wasiukaushe kwa zaidi ya nyuzi 40.