Faida Iliyojazwa Lumbesa: Uhakiki wa Majibu ya Viongozi wa Kampuni kwa Maswali ya Ukuaji na Uwiano wa Faida

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya Kiswahili inayotumika pale viongozi wa kampuni wanapojibu maswali ya wachambuzi na wanahisa kuhusu makadirio ya ukuaji na uwiano wa faida kwa mauzo. Hoja kuu ni kwamba kulikwepa swali hakuhitaji uongo wala ukimya. Hutosha neno faida kubebeshwa dhana mbili kwa wakati mmoja, na kitenzi kunyambuliwa hadi mtenda akafichika. Uhakiki unatumia kanuni za mazungumzo za Grice (1975) pamoja na mapokeo ya kujibizana katika ushairi wa Kiswahili, na unachota istilahi zake za kupimia katika biashara ya mazao ya Makambako na Njombe. Mifano ya majibu iliyomo imetungwa kwa ajili ya uchambuzi. Si nukuu za kampuni yoyote.

1.0 Utangulizi

Kampuni inapotangaza matokeo yake ya mwaka, maswali mawili hayakosi kuulizwa. La kwanza linahusu kesho: mwaka ujao kampuni itakua kwa kiasi gani? La pili linahusu kinachobaki: katika kila shilingi mia za mauzo, ni shilingi ngapi zinazosalia baada ya gharama? Kwa muda mrefu maswali haya yalikuwa mali ya kundi dogo la wachambuzi wa masoko ya mitaji, na katika Afrika Mashariki yaliulizwa na kujibiwa zaidi kwa Kiingereza. Hali hiyo imebadilika. Mwaka 2008 Safaricom iliuza hisa zake kwa umma nchini Kenya kwa shilingi 5 za Kenya kwa hisa. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania, kufuatia matakwa ya sheria ya mawasiliano, iliuza asilimia 25 ya hisa zake kwa shilingi 850 kwa hisa kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mauzo ya namna hiyo huwafanya walimu, wakulima na wafanyabiashara wadogo kuwa wanahisa, na mwanahisa wa aina hii hulipokea jibu la uongozi kwa Kiswahili, ama mkutanoni ama kupitia gazeti na redio.

Kwa hiyo jibu la mkurugenzi ni matini ya Kiswahili inayostahili kuhakikiwa kama matini nyingine. Mahali pa kuipimia panaweza kuwa Lyamkena, kata ya Halmashauri ya Mji wa Makambako mkoani Njombe. Makambako ndipo barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya, na ndipo reli ya TAZARA inapopita. Ni mji ulioishi kwa kununua, kupakia na kuuza. Wakazi wa mji kama huo hawahitaji kufundishwa dhana ya uwiano wa faida. Wanayo tayari katika lugha yao ya kazi: "kwa gunia kinabaki shilingi ngapi?" Swali la uhakiki huu ni kwa nini dhana iliyo wazi sokoni hupotea mara inapoingia katika ukumbi wa mkutano.

2.0 Jibu na wajibu wake kwa swali

Grice (1975) anaeleza kwamba mazungumzo husimama juu ya ushirikiano: mzungumzaji anatarajiwa kutoa taarifa ya kutosha, ya kweli, inayohusiana na jambo lililoulizwa, na kwa namna iliyo wazi. Majibu ya viongozi wa kampuni ni nadra kuvunja kanuni ya ukweli, kwa kuwa uongo kuhusu hesabu unaweza kumfikisha msemaji mahakamani. Kanuni inayolegezwa ni ya uhusiano. Jibu huwa la kweli, ila ni la swali jingine.

Mapokeo ya Kiswahili yana kipimo kikali zaidi cha uhusiano huo. Katika kujibizana kwa mashairi, kama kulivyostawi Mombasa na Lamu katika enzi ya Muyaka bin Haji, anayejibu aghalabu hufuata bahari na vina vya aliyeanza. Ufuasi huo si pambo tu. Kwa kulichukua umbo la swali, mjibuji anakiri hadharani kwamba amelisikia na kwamba anashindana nalo, wala halikimbii. Anaweza kupinga, kukejeli au kugeuza fumbo, lakini hadhira inaona ni fumbo lipi lililogeuzwa.

Jibu la mkutano wa wanahisa halina kina cha kulifunga, na hapo ndipo mwanya unapopatikana. Chukua mfano huu:

(1) Swali: Uwiano wa faida kwa mauzo umeshuka kwa kiasi gani, na mwaka ujao utakuwaje?
Jibu: Ndugu mwanahisa, tunakushukuru kwa swali zuri. Faida yetu imeongezeka, na tunatarajia ukuaji huo uendelee.

Neno uwiano lililokuwa kiini cha swali halimo katika jibu. Kama hili lingekuwa shairi, hadhira ingesema mjibuji ametoka nje ya vina. Ukumbini, jibu hupigiwa makofi.

Mfano huo una jambo jingine la adabu ya lugha. Brown na Levinson (1987) wanaonyesha kuwa heshima hupunguza makali ya tendo linalomtishia msikilizaji. Katika (1), ndugu na shukrani vinafanya kazi ya ziada: vinamwingiza muulizaji katika udugu, na ndugu aliyekwisha kushukuriwa mbele ya watu huonekana mkorofi akisimama tena kusema hakujibiwa. Adabu, ambayo kwa kawaida humlinda msikilizaji, hapa inamlinda msemaji.

3.0 Neno faida na mzigo wake

Kiini cha tatizo ni cha kisemantiki. Faida katika matumizi ya kawaida hutaja kiasi kilichobaki baada ya gharama. Hutumika pia kwa faida ghafi, kwa faida kabla ya kodi na kwa faida baada ya kodi, na wakati mwingine kwa uwiano kati ya kiasi hicho na mauzo. Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Kampuni ya kubuni iliuza bidhaa za shilingi bilioni 100 na kupata faida ya bilioni 20. Mwaka uliofuata iliuza za bilioni 130 na kupata faida ya bilioni 22. Ni kweli kwamba faida imeongezeka kwa asilimia 10. Ni kweli vilevile kwamba uwiano umeshuka kutoka asilimia 20 hadi asilimia 16.9 hivi. Kila shilingi mia ya mauzo sasa inaacha pungufu ya shilingi tatu kuliko zamani. Anayesema "faida imepanda" na anayesema "faida imeshuka" wote wawili wanaweza kuapa.

Wafanyabiashara wa viazi wa Njombe wana neno linaloeleza jambo hili barabara: lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kilemba juu, kisha likauzwa kama gunia moja. Sheria ya Vipimo imepiga vita ufungashaji huo, na gunia halipaswi kuzidi kilo 100. Mkulima anayeuzia lumbesa hadanganywi kuhusu idadi. Magunia kumi ni kumi kweli. Anapunjwa kwa sababu jina la kipimo limebaki lilelile huku ujazo wake ukibadilika. Neno faida katika jibu la (1) ni lumbesa ya kiistilahi: jina moja, vijazo viwili.

Tiba iliyozoeleka ni kutumia kiwango cha faida. Tiba hii haitoshi, kwa kuwa kiwango nalo huweza kumaanisha kiasi, daraja au asilimia. "Kiwango cha faida kimepanda" inarudisha utata uleule kwa vazi rasmi zaidi. Uwiano wa faida kwa mauzo una ubora wa kisarufi: neno uwiano hudai vitu viwili vinavyolinganishwa, na msemaji anayelitumia analazimika kutaja cha pili. Istilahi bora hapa si ile iliyo fupi, ni ile isiyomruhusu mtumiaji kunyamazia nusu ya dhana.

4.0 Sarufi ya kesho na sarufi ya lawama

Kuhusu makadirio ya ukuaji, Kiswahili kina ngazi ya maneno yenye uzito tofauti wa kujifunga: matumaini, matarajio, makadirio, lengo, ahadi. Makadirio yana hesabu nyuma yake. Matumaini hayahitaji hesabu. Ukwepaji hutokea msemaji anapopanda na kushuka ngazi hiyo bila kutangaza. Mwanzoni mwa mwaka husikika "tumekadiria ukuaji wa asilimia 12", mwishoni, "yale yalikuwa matumaini yetu." Namba ni ileile, ila imeshushwa cheo.

Nafsi nazo hugawanywa kwa mpango. Linganisha:

(2) Tumeongeza wateja na tumepanua mtandao.
(3) Gharama zimepanda na malengo hayakufikika.

Katika (2) mtenda ni sisi. Katika (3) gharama zimejipandia zenyewe, na malengo hayana aliyeshindwa kuyafikia. Kitenzi hayakufikika kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kauli ya kutendwa, hayakufikiwa, ingeacha nafasi ya kuuliza "na nani?" Kauli ya kutendeka huifunga nafasi hiyo, kwa kuwa haikubali kwa kawaida mtenda anayetanguliwa na na. Zaidi ya hayo, kiambishi -ik- hubeba maana mbili: hali iliyotokea na uwezekano. Hayakufikika ni "hayakufikiwa" na papo hapo ni "hayakuwa ya kufikiwa". Udhuru umo ndani ya mnyambuliko wenyewe; msemaji hahitaji kuutamka.

Neno changamoto hukamilisha kazi hiyo. Maana yake ya awali ni jambo linalochochea ari. Katika taarifa za kampuni limekuwa jina la kila tatizo, hivyo kwamba kosa la uongozi, ushindani na ukame vinakaa katika nomino moja, na swali la nani alipaswa kufanya nini halipati mahali pa kuingilia.

5.0 Kunyamaza kwa haki

Si kila kujizuia ni ukwepaji. Taarifa inayoweza kugusa bei ya hisa inapaswa kuwafikia wawekezaji wote kwa pamoja; mkurugenzi anayemtajia muulizaji mmoja namba isiyotangazwa anawadhulumu waliobaki nyumbani. Pia kuna mambo yasiyokadirika. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza kutozwa Tanzania tarehe 15 Julai 2021, kisha ikapunguzwa baada ya malalamiko ya wananchi, ilibadilisha mazingira ya biashara ya fedha kwa simu ndani ya miezi michache. Makadirio yoyote yaliyotolewa kabla yake yalihitaji kuandikwa upya.

Lakini kujizuia kwa haki kuna umbo lake. Safaricom ilipoanza kutoa huduma Ethiopia mwaka 2022, hesabu za Kenya na hesabu za kundi zima zilianza kusimulia mambo tofauti, kwa kuwa biashara changa hula gharama kabla ya kuleta faida. Kampuni hiyo imekuwa ikitoa makadirio yake kwa masafa, yaani kati ya namba moja na nyingine, ikitenganisha Kenya na kundi. Utaratibu huo hauondoi shaka kuhusu kesho. Unaionyesha shaka ukubwa wake. Kwa Kiswahili umbo hilo lingekuwa hivi:

(4) Uwiano umeshuka kutoka asilimia 20 hadi 16.9. Sababu ni bei ya mafuta na uamuzi wetu wa kupunguza bei. Makadirio ya mwaka ujao hatuwezi kuyataja leo kwa kuwa bado hayajatangazwa kwa wanahisa wote.

Jibu (4) linanyima jambo moja, linalitaja kwa jina, na linasema kwa nini. Linachukua kina cha swali. Pia limerudisha nafsi mahali pake: uamuzi wetu.

6.0 Uzito wa jambo kwa msomaji wa Njombe

Mtu anaweza kudhani kwamba tofauti kati ya kiasi na uwiano ni ya wataalamu peke yao. Historia ya karibu ya Njombe inakataa. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano, mojawapo ikiwa Njombe Community Bank, kwa sababu ya upungufu wa mtaji kinyume cha matakwa ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya 2006. Fidia ya Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,500,000 kwa mwenye amana. Uhakiki huu hautoi madai yoyote kuhusu majibu ya viongozi wa benki hizo. Unachukua funzo la lugha tu: utoshelevu wa mtaji wa benki hupimwa pia kwa uwiano, si kwa ukubwa wa jengo wala wingi wa wateja. Benki inaweza kusema kwa ukweli kwamba wateja, mikopo na matawi vimeongezeka huku uwiano huo ukipungua. Mwenye amana asiye na neno la kuulizia uwiano hana namna ya kulijua hilo mapema.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonyesha njia tatu ambazo jibu la Kiswahili hulikwepa swali bila kusema uongo: kuondoa neno kuu la swali, kushusha cheo cha makadirio, na kumficha mtenda kwa kauli ya kutendeka. Zote tatu hutumia rasilimali halali za lugha. Kwa hiyo dawa yake haiko katika kuilaumu lugha, wala katika kurudi kwenye Kiingereza, ambacho nacho kina maficho yake. Iko katika istilahi na katika mazoea ya kuuliza. Waandaaji wa kamusi za biashara watenganishe faida na uwiano wa faida katika vidahizo tofauti. Waandishi wa habari za uchumi wasiandike "faida imepanda" bila kutaja mauzo. Na muulizaji, awe mchambuzi wa Dar es Salaam au mwanahisa wa Lyamkena, aliweke swali katika umbo ambalo sokoni halijawahi kukosa jibu: katika kila shilingi mia, mwaka jana zilibaki ngapi, na mwaka huu zimebaki ngapi? Swali la namna hiyo linadai namba mbili. Jibu lenye namba moja litajulikana palepale kuwa halijakamilika.