Leseni ya Kompyuta Moja na Namna Inavyohamishwa

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida, na kwa kuwa Windows 11 haikubali rasmi kompyuta isiyo na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 wala ile ambayo prosesa yake haimo katika orodha iliyoidhinishwa, watu wengi wameziacha kompyuta ambazo kwa kazi zao bado ni nzima, wakanunua nyingine. Na katika kuhama huko limezuka suali ambalo wauzaji aghalabu hulijibu kwa pupa, nalo ni kama ile programu waliyokwisha kuilipia, yenye leseni ya kompyuta moja tu, yaweza kufuatana nao hadi kwenye mashine mpya.

Kwanza yafaa ibainike ni kitu gani hasa kilichonunuliwa. Mnunuzi hapati programu yenyewe, bali hupata idhini ya kuitumia kwa masharti, na hali hiyo si ngeni kwa wenyeji wa Mombasa waijuao nyumba isiyo na ardhi, ambayo kuta na paa ni mali ya mtu na kiwanja ni milki ya mwingine. Basi kazi ya kuhamisha huanza katika mkataba kabla mashine haijaguswa, na kwa upande wa Windows mikataba iwahusuyo watu wa kawaida ni ya namna mbili: kuna leseni iliyokuja kutoka kiwandani ndani ya kompyuta, ambayo mtengenezaji aliuziwa kwa sharti kwamba itabaki na mashine hiyo hiyo hadi mwisho wake, na kuna leseni iliyonunuliwa peke yake, dukani au mtandaoni, ambayo mwenyewe ana ruhusa ya kuihamishia kompyuta nyingine iliyo yake, maadamu kila ahamapo aiondoe katika ile ya kwanza.

Kuzitenganisha namna hizi mbili hakuhitaji kubahatisha. Katika dirisha la amri, maneno slmgr /dli huleta taarifa fupi ambayo ndani yake hutajwa njia iliyopitiwa na leseni; likionekana neno RETAIL, safari inawezekana, na ikionekana alama ya OEM_DM, ufunguo umo ndani ya ubao mama wenyewe, mahali ulipoandikwa na mtengenezaji kwa utaratibu ulioanza na Windows 8 mwaka 2012, nao hauna ruhusa ya kutoka. Jambo hili lina faida yake kwa wanunuzi wa kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo na kuuzwa katika miji yetu, kwa sababu ufunguo wa namna hiyo huja pamoja na chombo, na Windows ya toleo lile lile ikiwekwa upya huusoma yenyewe bila ya mtu kuandika herufi hata moja. Lakini fundi anayemwahidi mteja kwamba atauhamishia ufunguo huo kwenye kompyuta mpya anaahidi kisichokuwa mikononi mwake.

Tuseme leseni ni ya kuhamishika. Taarifa ile ya slmgr huonyesha herufi tano za mwisho tu za ufunguo, ilhali ufunguo mzima una herufi na tarakimu 25, na kwa hiyo mwenye kutaka kuhama sharti kwanza autafute ule ulioandikwa katika kisanduku au katika risiti aliyotumiwa, kwani akiifuta kompyuta ya zamani kabla ya kuupata huenda akakosa hata cha kudai. Akiisha kuuhifadhi, hutoa amri slmgr /upk, ambayo huuondoa ufunguo katika mfumo, kisha slmgr /cpky, ambayo huifuta nakala yake iliyobaki katika rejista. Na katika kompyuta mpya huuingiza kwa slmgr /ipk ikifuatiwa na ufunguo wenyewe, akaamilisha kwa slmgr /ato.

Hapo ndipo seva ya Microsoft hutazama alama za mashine. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, kuamilisha maana yake ni kuufunga ufunguo na muhtasari wa vipande vya kompyuta, na katika Windows za leo kipande chenye uzito kuliko vyote ni ubao mama, hata abadilishaye ubao peke yake huhesabiwa kama aliyebadilisha kompyuta nzima. Ufunguo ukikataliwa kwa kuwa umeonekana kwingine, si dalili kwamba haki imepotea. Kwa miaka mingi njia ya kuitetea ilikuwa ni simu, mtu akisoma tarakimu zilizoonyeshwa na mashine na kupewa nyingine za kuzijibu. Tangu toleo la 1607 la mwaka 2016, leseni ya kidijitali yaweza pia kuunganishwa na akaunti ya mwenyewe, na nashauri kwa moyo wote jambo hili lifanywe kompyuta ya zamani ingali hai, maana baada ya kufa kwake hakuna pa kuiunganishia.

Masharti nayo hubadilika, na si kila mara kwa hisani. Office 2013 ilipotoka, leseni yake ya kompyuta moja iliandikwa kwamba haihamishiki kamwe, yaani kompyuta ikifa na leseni imekufa. Wanunuzi walilalamika, na mnamo Machi 2013 Microsoft ikatangaza kwamba mtu aweza kuihamisha mara moja katika kila siku 90, na mapema zaidi iwapo mashine imeharibika. Naliona sharti lile la kwanza kuwa dhuluma iliyo wazi, kwani lilimfanya mnunuzi kuwa mdhamini wa uhai wa chuma asichokitengeneza.

Lakini kasoro iliyo kubwa zaidi katika Windows imo katika ile amri ya kuondoa. slmgr /upk hufanya kazi yake ndani ya kompyuta peke yake na haipeleki habari yoyote kwa seva. Kwa hiyo mkataba humtaka mtu aiache mashine ya kwanza, naye huiacha kwa uaminifu, ila hakuna daftari linaloandika kwamba ameiacha, na mwaminifu na mlaghai hufika mbele ya seva wakiwa sawasawa. Sheria yenyewe imekwisha kulitazama jambo hili: katika kesi ya UsedSoft na Oracle, tarehe 3 Julai 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu aliyelipia leseni isiyo na kikomo cha muda aweza kuiuza tena, hata kama programu ilipakuliwa mtandaoni, kwa sharti kwamba nakala yake mwenyewe aifanye isitumike, na ikaongeza kuwa mwenye programu ana ruhusa ya kutumia njia za kiufundi, kama vile funguo, kulihakikisha hilo. Uwezo basi upo, na mzigo wa kuthibitisha haukupasa kumwelemea mnunuzi.

Adobe ilikuwa na utaratibu wa namna hiyo katika programu zake za Creative Suite, ambazo zilikuwa na amri ya kuzima iliyoiarifu seva na kuifungulia leseni nafasi yake. Ni utaratibu bora kuliko ule wa Windows, isipokuwa uhai wake wategemea seva, na mwishoni mwa 2012 Adobe iliizima seva iliyohudumia toleo la CS2, hata wenye leseni halali wakawa hawana pa kuziamilishia katika kompyuta mpya. Kampuni ikalazimika kuwawekea nakala isiyohitaji kuamilishwa, pamoja na namba zake za usajili.