Inadaiwa na Nani?

Sentensi ya kwanza niliyolipwa kuiandika ilikuwa na maneno matatu: "Makanga alimsukuma abiria." Nilikuwa ndani ya hiyo matatu, tukitoka Embu kuelekea Meru, na pale Chuka mzee mmoja akakataa kuongezwa nauli katikati ya safari. Makanga akamsukuma. Kofia ya mzee ilibaki kwenye kiti, karibu na goti langu. Nilishuka, nikaongea naye, nikampa kofia yake na namba yangu ya simu, kisha nikaandika habari na kuituma.

Ilipotoka ilisomeka hivi: "Inadaiwa kuwa abiria mmoja alipata majeraha baada ya kuanguka kutoka kwenye matatu."

Nilimpigia mhariri. Nikamuuliza, inadaiwa na nani? Mimi sikudai, niliona. Akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayemfunza mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba hiyo ndiyo lugha ya kazi. Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache tu kabla ya hapo, na malipo ya ile habari yalikuwa nauli na chakula cha siku mbili. Nikanyamaza. Lakini tangu siku hiyo siwezi kusoma "inadaiwa" bila kuitafuta ile kofia.

Tuanze na sarufi, maana hapa Kiswahili kina mambo ambayo shule ilitupitisha mbio. Kiingereza kina "it is alleged that", na wengi wetu tunaoandika habari huitafsiri tukiwa nusu tumelala. Lakini Kiswahili kinakupa njia zaidi ya moja. Ukisema "inadaiwa", hiyo ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa huacha mlango wazi: unaweza kuongeza "na" ukamtaja mwenye neno. Inadaiwa na polisi. Inadaiwa na jirani mwenye duka. Ni Kiswahili safi, hakuna mwalimu atakayekikata kwa kalamu nyekundu. Sasa jaribu hivyo hivyo na "inasemekana". Inasemekana na jirani? Haikai. Hiyo ni kauli ya kutendeka, ndugu yake "imevunjika". Ni kitenzi kisichotaka mtendaji hata ukimletea. Kila mtoto aliyekulia kwetu anaijua hii kauli vizuri kuliko anavyojua: unasimama mbele ya mama, vipande viko sakafuni, unasema "sahani imevunjika". Naye mama, bila digrii ya isimu, anauliza, "Imevunjika yenyewe?"

Hilo swali la mama ndilo linalokosekana kwenye madawati yetu ya habari.

Kuna watu watanikumbusha George Orwell, aliyeandika mwaka 1946 kwamba usitumie kauli ya kutendwa pale unapoweza kuepuka. Sikubaliani naye sana. Kutendwa si dhambi. Nikisema nilizaliwa Embu, hakuna anayeuliza nilizaliwa na nani. Mwili ukipatikana mtoni na hakuna anayejua kilichotokea, "aliuawa" ni neno la uaminifu. Linakiri kwamba jina la muuaji halijulikani. Tatizo linaanza pale mwandishi anapojua nani alisema, halafu anamficha nyuma ya kitenzi.

Na niseme ukweli, "anadaiwa" ana kazi yake halali. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Mtu akipandishwa kizimbani, mwandishi hana ruhusa ya kuandika "aliiba". Anadaiwa kuiba, basi. Na wanaodai wanajulikana, ni upande wa mashtaka, wana faili na namba ya kesi. Hapo neno linamlinda binadamu. Tatizo ni kwamba neno hilo hilo, likitoka mahakamani likaingia sokoni, linageuka. "Inasemekana ni mwizi." Umeshaskia hiyo sentensi sokoni, na unajua kinachofuata ikishaenea: mawe, tairi, kiberiti. Kesho yake hakuna aliyesema. Kweli, hakuna. Kitenzi chenyewe kilishawatoa wote tangu mwanzo.

Sasa Embu. Desemba 2024, kijana mmoja alichukuliwa kutoka kinyozi mjini humo, mchana, watu wakiona. Mji uliandamana. Wiki hizo hizo wengine walichukuliwa sehemu nyingine za nchi, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikahesabu visa 82 tangu Juni mwaka huo. Polisi walikana kuhusika. Sasa rudi usome jinsi habari zilivyoandikwa: anadaiwa kutekwa, inasemekana alichukuliwa na watu wasiojulikana. Hebu fikiria. Waliokuwa pale walisimulia walichokiona, wazazi walisimama mbele ya kamera wakalia kwa majina yao. Hao si "inasemekana". Hao ni watu wenye sura. Ingetosha kuandika: walioshuhudia wanasema, baba anasema, polisi wanakana. Sentensi tatu, kila moja na mwenyewe, na msomaji aamue. Badala yake maneno ya watu waliojitokeza yakapewa uzito sawa na uvumi wa steji.

Halafu kukawa na ahadi ya Rais Ruto kule Homa Bay, siku mbili tatu baada ya Krismasi. Kwa maneno yangu, alisema kwamba hayo yaliyosemwa kuhusu utekaji nyara yatakomeshwa, ili vijana waishi kwa amani. Hii sentensi nimeigeuza kichwani mara nyingi sana. Nusu ya kwanza ni "yaliyosemwa", yaani maneno tu ya watu. Nusu ya pili ni kukomesha. Mtu anakomesha vipi kitu ambacho kimesemwa tu? Ukikomesha jambo maanake lipo, na unajua swichi iko wapi. Wengi tulisikia ahadi. Wachache walisikia kitenzi. Kijana wa Embu alirudi nyumbani tarehe 6 Januari 2025, na wengine wakaachiliwa siku hiyo hiyo. Kuachiliwa, tena kutendwa. Na nani?

Cha kushangaza ni kwamba lugha rasmi haiogopi mtendaji siku zote. Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alipofariki akiwa mikononi mwa polisi Nairobi, maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Alijigonga. Si "inadaiwa", si "ilitokea". Kitenzi kizima, chenye mtendaji, tena na -ji- ndani yake, kwa hiyo marehemu ndiye mgongaji na ndiye mgongwaji. Siku chache baadaye daktari wa upasuaji wa maiti akasema majeraha yale hayakuwa ya mtu aliyejigonga, na Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti. Lakini ona mpangilio wenyewe: marehemu anapewa kauli ya kutenda, walio hai wanapewa kutendeka. Sarufi inajua nani ana wakili.

Wakulima wa miraa wa Igembe wanaweza kukueleza tofauti hii kuliko mimi. Januari 2013 baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilisema ushahidi hautoshi kupiga marufuku miraa. Marufuku ikaja vilevile, Juni 2014. Wakulima walipoteza soko, lakini angalau walikuwa na kitu cha kushika: baraza fulani, ripoti fulani, mwaka fulani. Waliweza kusema, hawa walisema hivi. Huwezi kubishana na "inaaminika kwamba majani haya yanaharibu vijana". Utaenda kumbishia nani? Ofisi ya "inaaminika" iko jengo gani?

Mtaani tuna dawa yetu, na ni fupi: "ati". Ati wameachiliwa. Ati alijigonga. Herufi tatu, na kila msikilizaji anajua kwamba msemaji hajaona, ameambiwa, na haamini sana. Ingekuwa mimi ndiye mhariri ningeruhusu "ati" kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya kuruhusu "inasemekana", maana "ati" haijifanyi kuwa na suti. (Najua, hakuna atakayeniajiri.)

Siku hizi nikiandika naweka jina, au kazi ya mtu, au angalau mahali aliposimama. Fundi wa viatu aliyekuwa mkabala na steji anasema. Msemaji wa polisi anasema. Niliona. Mara nyingine "niliona" yangu inakatwa, mara nyingine inapita.

Yule mzee wa Chuka alinipigia wiki moja baada ya ile habari kutoka. Mjukuu wake alikuwa amemsomea kwenye simu. Hakuwa na hasira hata kidogo, alinishukuru tena kwa ile kofia, akauliza kama nimekula. Kisha akanyamaza kidogo, akasema:

"Kijana wangu, kumbe nilianguka?"