Kuku wa Kanali Bila Presha

Mwaka 1939 Harland Sanders, ndiye Kanali mwenyewe, hakuwa na tatizo la ladha. Alikuwa na tatizo la muda. Wasafiri waliosimama kwenye mkahawa wake wa kando ya barabara pale Corbin, jimbo la Kentucky, Marekani, walikuwa tayari wakimsifia kuku wake wa kukaanga. Lakini kuku huyo alikaa kama dakika 30 kwenye kikaango cha chuma, na mtu mwenye safari yake hangoji nusu saa. Kumtumbukiza kwenye mafuta mengi kungeokoa muda, ila Sanders aliona nyama inayopikwa hivyo inakauka. Kukaanga mapema na kuweka nako kulimaanisha kutupa kilichobaki jioni. Ndipo alipochukua sufuria ya presha, chombo kilichokuwa kikinadiwa kwa kupikia mboga, akaanza kukitumia kukaangia. Nusu saa ikashuka hadi chini ya dakika 10.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1952 mkahawa wa kwanza wa wakala wake ulifunguliwa Salt Lake City, mwaka 1964 Sanders akauza kampuni kwa dola milioni 2, na mwaka 2011 kampuni hiyo, KFC, ikafungua mlango Nairobi. Leo mtu anayetaka kumpika kuku huyo nyumbani huanza kwa kuuliza vile viungo 11 vya siri vya unga wake ni vipi. Swali hilo lina jibu, na jibu lake halisaidii sana. La maana zaidi ni hili: presha ililetwa kutatua shida ya mwenye mkahawa, na wewe uliye nyumbani shida hiyo huna.

Presha inafanya nini

Takriban robo tatu ya nyama mbichi ya kuku ni maji. Maadamu maji hayo yamo, sehemu yenye majimaji haipandi joto kupita kiwango cha maji kuchemka, hata kama mafuta yanayoizunguka yana nyuzi 170. Ule mchemko wa vipovu unaouona paja linapoingia kwenye karai ni maji ya nyama yanayogeuka mvuke na kutoka. Yanapotoka yanaondoka na utamu wa nyama, tena yanaondoka na joto ambalo lingeivisha ndani.

Ukifunika chombo kwa mfuniko usiopitisha hewa, mvuke hauna pa kwenda na presha inapanda. Ikifika mara mbili ya presha ya kawaida ya hewa, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Nyama inaiva kwa joto kubwa zaidi, vipovu vinapungua, majimaji yanabaki ndani. Muda unaokolewa na nyama haikauki.

Ila kuna gharama. Ganda la unga hukauka kwa sababu mvuke unatoka. Mvuke ukizuiwa, ganda linabaki laini na jembamba, limeshikana na ngozi. Kuku wa asili wa Sanders yuko hivyo. Yule mwenye magamba magumu yanayolia mdomoni ni bidhaa nyingine ya maduka hayohayo ya KFC, naye hukaangwa kwenye mafuta yaliyo wazi. Anayechovya vipande kwenye unga mara mbili na kunyunyizia maziwa ili magamba yasimame anapika kuku mzuri, lakini si huyu tunayemzungumzia.

Hapa linafaa onyo lisilo na mzaha. Sufuria ya presha ya nyumbani isitumiwe kukaangia. Mpira na vali zake vimetengenezwa kwa ajili ya mvuke wa maji, si mafuta ya nyuzi 170. Mpira ukiachia, kinachoruka ni mafuta ya moto. Mikahawa ina mashine zilizoundwa kwa kazi hiyo tu.

Viungo 11 vikihesabiwa

Mwaka 1983 mwandishi William Poundstone, katika kitabu chake *Big Secrets*, alieleza kwamba sampuli ya unga wa kuku huyo ilipimwa maabara. Vilivyoonekana ni vitu vinne: unga wa ngano, chumvi, pilipili manga na monosodiamu glutamati, ile chumvi nyeupe inayojulikana madukani kwetu kama Ajinomoto. Mwaka 2016 gazeti la Chicago Tribune likachapisha orodha iliyoandikwa kwa mkono, kutoka kwenye albamu ya familia ya mke wa Sanders. Hiyo ilikuwa na viungo 11 vya kuchanganywa na vikombe 2 vya unga. Kampuni haikukubali kwamba ndiyo siri yake.

Mtu anaweza kudhani vyanzo hivyo viwili vinapingana. Lakini ukiigawa orodha ya gazeti kwa kazi ya kila kiungo, picha inabadilika. Vitatu vinabeba chumvi: chumvi yenyewe, chumvi ya seleri na chumvi ya kitunguu saumu. Vinne vinaleta ukali: pilipili manga nyeusi, pilipili nyeupe, tangawizi na haradali. Kimoja, paprika, kinaleta rangi. Vilivyobaki ni majani makavu matatu: thaimu, rehani na oregano. Jumla ya orodha ni vijiko vikubwa 15, na majani yote matatu kwa pamoja hayafiki kijiko kimoja na nusu. Pilipili nyeupe peke yake ni vijiko 3.

Kwa hiyo maabara na albamu zinasema jambo moja: kuku huyu ni chumvi na pilipili. Majani ni harufu ya mbali. Ukikosa oregano, hakuna atakayejua. Ukikosa pilipili nyeupe, kila mtu atajua kuna kitu kimepungua hata kama hawezi kukitaja. Ni tunda lilelile la pilipili manga, ila limeachwa liive, likalowekwa na kuvuliwa ganda. Ukali wake unakuja taratibu, na una harufu ya uchachu kidogo ambayo ile nyeusi haina. Inapatikana kwenye maduka ya viungo. Nunua punje nzima, uzitwange siku ya kupika.

Wapishi wa gazeti hilo walipomaliza kukaanga na kulinganisha na kuku wa dukani, waliona bado kuna pengo, na pengo likazibwa kwa kunyunyizia ile monosodiamu glutamati. Maabara ilikwisha kuiona miaka 33 kabla yao. Robo kijiko cha chai kwa kuku mzima inatosha. Asiyeitaka aiache, ila ajue ndicho anachokikosa.

Chumvi kabla ya unga

Kwetu wengi humchemsha kuku kwanza kwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu, kisha humkaanga. Njia hiyo ina akili yake. Kuku wa kienyeji aliyekomaa ana nyuzinyuzi ngumu zisizolainika bila kuchemka muda mrefu, na kumkaanga mbichi ni kujitafutia kazi ya meno. Lakini kuku wa kisasa, anayechinjwa akiwa na wiki tano au sita, hana ugumu huo. Ukimchemsha, majimaji unayoyataka yanabaki kwenye supu, na karai linamalizia kuyakausha yaliyosalia. Kwa pishi hili tumia wa kisasa, mdogo, wa kilo moja na kidogo, naye aingie kwenye mafuta akiwa mbichi.

Mgawe kama dukani: vipande 9. Mabawa 2, miguu 2, mapaja 2, na kidari vipande 3. Kidari kisipogawanywa hivyo kitachelewa kuiva, na vipande vingine vitakuwa vimekauka kikikingojea.

Kisha loweka. Gramu 50 za chumvi, yaani kama vijiko vikubwa 3 vya chumvi laini, kwa lita moja ya maji, saa 3 hadi 4 ndani ya friji. Chumvi inapoingia, protini za nyama hulegea na kushikilia maji ambayo vinginevyo yangetoka kwenye moto. Huku ndiko kuziba pengo la presha: presha huzuia maji yasitoke kwa nguvu kutoka nje, chumvi huyashika kutoka ndani. Kwa kuwa nyama imekwisha kula chumvi, punguza ile ya kwenye unga. Badala ya chumvi ya kitunguu saumu, weka kitunguu saumu cha unga.

Vitoe, vikaushe kwa kitambaa safi, vichovye kwenye maziwa yaliyopigwa na yai, kisha kwenye unga mara moja tu. Bonyeza unga ushike, kung'uta uliozidi. Usikimbilie karai. Panga vipande kwenye wavu dakika 15 hadi 20. Mwanzoni vitakuwa vyeupe na vumbi. Baadaye utaona unga umenyonya unyevu, umegeuka rangi ya udongo mwepesi kwa sababu ya paprika, na ukigusa unanata kama gundi iliyoanza kukauka. Hapo hautabanduka kwenye mafuta.

Kwenye karai

Sasa tunarudi kwenye njia ambayo Sanders aliiacha. Chukua karai au kikaango kizito, mimina mafuta yaliyosafishwa, ya alizeti au ya mawese, yafike nusu ya unene wa kipande. Mafuta ya alizeti ya kukamuliwa ambayo hayajasafishwa hutoa moshi mapema na yana harufu yake, hayafai hapa. Pasha hadi nyuzi 170. Asiye na kipimajoto achovye mpini wa mwiko mkavu: vipovu vidogo vikiuzunguka mfululizo bila fujo, mafuta yako tayari. Vikichachamaa, yamezidi.

Laza vipande vinne au vitano, ngozi ikiangalia chini. Joto litaanguka, na liachwe lianguke hadi nyuzi 150 hivi. Paprika ina sukari. Kwenye mafuta makali itageuka nyeusi na chungu kabla mfupa haujapata moto. Funika kwa mfuniko ulioachwa upenyo. Mvuke unaokaa chini ya mfuniko hauongezi presha, ila unapasha ule upande wa juu ambao mafuta hayaufikii na kuuzuia usikauke. Baada ya dakika 8 hadi 10 funua, ukiinamisha mfuniko upande wa nje ili matone yasidondokee mafuta, geuza vipande, funika tena kwa dakika 8. Malizia bila mfuniko dakika nyingine 8 hivi.

Masikio yanasaidia kuliko saa. Mwanzoni mafuta yanaunguruma. Kadiri maji yanavyopungua kwenye ganda, mlio unashuka na kuwa mwembamba. Ukinyamaza kabisa, umechelewa. Kidari kitolewe kikifika nyuzi 74 katikati, kiwango kinachotambuliwa kuwa salama. Miguu na mapaja yaachwe yafike 80 au zaidi, maana yana mishipa inayohitaji muda kulainika. Wekundu kidogo karibu na mfupa usikutishe ikiwa joto limefika. Mifupa ya kuku mchanga ina vinyweleo vinavyovujisha rangi ya uboho.

Kuna hatua moja zaidi ambayo orodha za viungo huisahau. Kuku wa dukani hatoki kwenye mafuta moja kwa moja hadi mdomoni. Hukaa kwenye kabati la joto, kisha kwenye boksi, na mvuke wake humlainisha. Ukitaka wa namna hiyo, mpumzishe kwenye wavu dakika 5, kisha mfunike ndani ya bakuli dakika nyingine 5. Ukimtaka mkavu zaidi, mwache kwenye wavu.

Nairobi si Dar es Salaam

Mapishi yaleyale hayatoi kuku yuleyule pwani na bara. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Kwa hiyo kule nyama inaiva kwa joto dogo zaidi na maji yanatoka mapema zaidi. Mpishi anayefuata nyuzi za pwani anapata ganda la kahawia iliyokolea na damu mfupani.

Dawa yake ni kushusha joto la mafuta, si kulipandisha: kama nyuzi 1.7 kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Nairobi au Mbeya ni nyuzi 9 au 10 pungufu, na dakika chache za ziada. Mfuniko nao una kazi zaidi huko kuliko pwani.

Mwisho wa njia hii

Ukila kuku huyu na wa duka kwa pamoja, nyama haitakuwa duni, na kwa kidari naona ya nyumbani inashinda. Ganda litakuwa gumu kidogo. Pilipili nyeupe ikiwa mpya, harufu itakuwa kali zaidi.

Inaposhindwa njia hii ni kwenye wingi. Karai moja linapika nusu kuku kwa nusu saa. Kwa watu wanne hiyo ni saa moja na hakuna ubaya. Kwa wageni 20, usijaze karai ili kuharakisha, kwani mafuta yatapoa na unga utayanywa. Kaanga kila kipande kwa dakika 10 tu, kipate rangi pande zote mbili, kisha panga vyote kwenye wavu ndani ya oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 20 hadi 25, bila kufunika, ukipima kidari kwanza. Majimaji yatapungua kidogo kuliko ya karai, lakini wageni wote watakula kwa wakati mmoja, na chakula kikiwa cha moto.