Kupatwa, Kuzibwa na Kasi ya Nuru

Tarehe 1 Septemba 2016, huko Rujewa mkoani Mbeya, mwezi ulipita mbele ya jua, likabaki duara jembamba mfano wa pete. Mjini Iringa, nje ya ukanda huo, jua lilionekana kama hilali. Hali zote mbili ziliitwa kupatwa kwa jua. Tunaona ipo haja ya kulihakiki neno hili, kwani ndilo linalotumika pia kueleza jinsi wanafalaki walivyoupima kwanza mwendo wa nuru.

Mwaka 1676, mjini Paris, Ole Rømer alionyesha kwamba kadiri dunia inavyojitenga na Mshtarii, ndivyo tunavyochelewa kuona kupatwa kwa Io, mwezi wa sayari hiyo uizungukao kila baada ya saa 42 na nusu hivi. Alikadiria kwamba nuru huhitaji dakika 22 kukivuka kipenyo cha njia ya dunia. Kipimo cha leo ni takriban dakika 16 na nusu.

Io huingia katika kivuli cha Mshtarii, kwa hiyo hupatwa hasa. Jua la Rujewa halikuingia kivulini. Lilizibwa, na waliokuwa kivulini ni watazamaji. Tofauti hii si ya maneno matupu. Kuzibwa hutegemea mahali pa mtazamaji, kama Rujewa na Iringa zilivyoshuhudia. Kuingia kivulini hakutegemei mtazamaji, na ndiyo sababu Rømer aliweza kumfanya Io kuwa saa yake. Mwanafunzi asiyetenganishiwa dhana hizi hawezi kuifuata hoja.

Dosari ya pili ni kauli isemayo kwamba Rømer alipima kasi ya nuru. Alichopima ni ukawiaji. Kasi hupatikana kwa kugawa umbali kwa muda, na hesabu hiyo ilichapishwa na Christiaan Huygens mwaka 1690. Wala neno mwendokasi halitusaidii sana, maana tangu 2016 wengi wakilisikia hukumbuka mabasi ya Dar es Salaam.

Hatupendekezi kuwanyang'anya wananchi msemo wa kupatwa kwa jua, ambao umekwisha kuota mizizi. Rai yetu ni kwamba vitabu vya sayansi viseme wazi kuwa jua huzibwa na mwezi hupatwa, na vitenge ukawiaji na kasi. Mwalimu wa Mbeya au Iringa atakuwa na mfano ambao wengi wa wenyeji wake waliuona kwa macho yao.